Meena Kumari: Aliimaliza Pakeezah akiwa mgonjwa, akafariki wiki nane baada ya kuoneshwa

Februari 4, 1972, watu walijazana kwenye ukumbi wa Maratha Mandir jijini Bombay kuangalia sinema waliyokuwa wakiisikia tu tangu miaka ya 50. Jina lake Pakeezah. Staa wa filamu hiyo, Meena Kumari, alikuwepo. Mwongozaji wake, Kamal Amrohi, naye alikuwepo. Hawa wawili walikuwa mume na mke, ila walikuwa hawaishi pamoja tangu mwaka 1964.

Machi 31 mwaka huohuo Meena Kumari akafariki. Zilikuwa zimepita wiki nane kamili. Alikuwa na miaka 38.

Ukitaja jina lake kwa wapenzi wa sinema za zamani za Kihindi, wengi wataanza na machozi na pombe. Ni kweli, vyote vilikuwepo. Lakini kuna stori nyingine ambayo haisemwi sana: ya mwanamke aliyekuwa na kila sababu ya kuiacha filamu ile ife, halafu akarudi kuimaliza huku ini lake likiwa limeshaharibika.

Mtoto aliyelisha familia

Alizaliwa Bombay mwaka 1933, jina lake halisi Mahjabeen Bano. Baba yake, Ali Bux, alikuwa mpiga kinanda na mtu wa maigizo ya jukwaani. Mama yake, Iqbal Begum, naye alikuwa mchezaji na mwigizaji. Hela nyumbani ilikuwa ya kutafuta kwa tochi.

Baba alikuwa akisubiri mtoto wa kiume. Inasimuliwa kwamba binti alipozaliwa, alimpeleka akamwacha kwenye kituo cha yatima, kisha baada ya saa chache roho ikamsuta, akarudi kumchukua. Stori hiyo imerudiwa mara nyingi na walioandika maisha yake, na ndiyo iliyomfuata hadi ukubwani.

Kumbe huyohuyo binti ndiye angekuja kuilisha nyumba. Hakuwa amefika hata umri wa kumaliza darasa la kwanza alipoanza kupelekwa studio. Mwongozaji Vijay Bhatt alimpa nafasi kwenye filamu ya Leatherface, iliyotoka mwaka 1939, na malipo yake ya siku ya kwanza yanatajwa kuwa rupia 25. Bhatt pia ndiye aliyembadilisha jina, akawa Baby Meena.

Shule ya maana hakuwahi kusoma. Alijifunza Kiurdu nyumbani, na alizoea kwenda studio na vitabu, akisoma wakati wenzake wanapiga soga wakisubiri taa zipangwe. Mapenzi yake ya mashairi yalianzia hapo. Mama yake alifariki mwaka 1947, Meena akiwa bado kijana mdogo, na tayari alikuwa anaigiza kwenye filamu za miungu na za maajabu, zile za bei nafuu ambazo hakuna aliyezitilia maanani.

Kisha ikaja 1952. Vijay Bhatt yuleyule akampa nafasi ya Gauri kwenye Baiju Bawra, filamu ya mapenzi na muziki ambayo nyimbo zake ziliwekwa na Naushad. Ilivuma India nzima. Tuzo za Filmfare zilipoanzishwa mwaka 1954, mwanamke wa kwanza kabisa kuchukua ile ya mwigizaji bora alikuwa yeye, kwa filamu hiyohiyo. Mwaka uliofuata akaichukua tena kwa Parineeta.

Ajali, barua na ndoa ya siri

Kamal Amrohi alikuwa tayari ni mtu mkubwa. Mwaka 1949 alikuwa ameongoza Mahal, filamu iliyompaisha Madhubala na kumfanya mwimbaji kijana Lata Mangeshkar ajulikane kila kona. Alikuwa na mke na watoto watatu. Alikuwa pia mshairi, na Kiurdu chake kilikuwa kitamu.

Mwaka 1951 Meena alipata ajali ya gari akirudi kutoka Mahabaleshwar, mji wa milimani. Alilazwa hospitali mjini Pune, na mkono wake wa kushoto ukaumia vibaya. Kidole kidogo kilibaki kimepinda maisha yake yote. Ukiangalia filamu zake kwa makini utaona ule mkono mara nyingi umefunikwa na mtandio, au umewekwa upande ambao kamera haifiki. Ni ujanja aliouzoea kiasi kwamba watazamaji wengi hawakuwahi kugundua.

Amrohi alikuwa anakwenda kumtazama wodini. Siku ambazo hakwenda, waliandikiana barua. Baada ya hospitali zikafuata simu za usiku kucha. Februari 14, 1952, wakafunga ndoa kimyakimya. Bibi harusi alikuwa na miaka 18, bwana harusi 34. Baba mtu hakujua.

Alipojua, nyumba haikukalika. Mzozo ulifika kileleni mwaka 1953. Baba alitaka binti yake aigize kwenye Amar ya Mehboob Khan, mwongozaji mwenye jina kubwa. Meena aliianza kidogo tu kisha akaiacha, akaenda kuigiza Daera, filamu ya mume wake. Aliporudi nyumbani alikuta mlango umefungwa. Akageuza gari, akaenda kwa Amrohi.

Nafasi ya Amar akapewa Madhubala. Daera yenyewe ilianguka vibaya kwenye kumbi, na hapo ndipo Amrohi akaanza kuota kitu kikubwa zaidi.

Filamu ya zawadi

Wazo la Amrohi lilikuwa kumjengea mke wake filamu kama mfalme Shah Jahan alivyomjengea mkewe Taj Mahal. Kazi ilianza mwaka 1956. Pakeezah ni neno la Kiurdu lenye asili ya Kiajemi, maana yake ni aliye safi, asiye na doa.

Hadithi inahusu tawaif, wale wanawake wa India ya zamani waliofunzwa kuimba, kucheza na kutunga mashairi kwenye majumba ya starehe ya matajiri. Mmoja wao, Nargis, anapendana na mwanaume wa ukoo mkubwa aitwaye Shahabuddin. Familia inamkataa bibi harusi mlangoni. Anakimbilia makaburini, anajifungua mtoto wa kike hukohuko, kisha anakufa. Mtoto, Sahibjaan, analelewa na mama yake mdogo katika kazi ileile. Mama na binti wote anaigiza Meena.

Usiku mmoja Sahibjaan amelala kwenye treni. Mwanaume asiyemjua anaingia kwenye behewa lake kwa bahati mbaya, anaiona miguu yake, anamwachia kikaratasi cha kuisifia. Basi, binti anachanganyikiwa. Kila treni ikipiga honi usiku moyo unamruka. Lakini mwenzake kwenye lile jumba anamkata maini: usiku ule hukuwa umevaa njuga. Yaani yule mwanaume alimwandikia mwanamke wa heshima, hakujua ameandikia mchezaji.

Filamu nzima imekaa kwenye hizo njuga. Mwanaume huyo, Salim, anakuja kumpata, anajua kazi yake, na bado anataka kumuoa. Mbele ya shehe anampa jina jipya, Pakeezah. Na anapoulizwa kama ameridhia ndoa, Sahibjaan anakataa na kukimbia. Hawezi kuamini kwamba jina hilo ni lake.

Kwa mtu aliyezoea sinema za sasa, njia ya kufika hapo itamshangaza, maana kuna mpaka tembo wanaovunja mashua ili tu binti apelekwe na maji hadi kwenye hema la mpenzi wake. Ni kweli imepitiliza. Lakini hakuna anayeikumbuka Pakeezah kwa mtiririko wa matukio.

Ndoa ilivyovunjika, kamera nazo zikazimwa

Shida ni kwamba nyumbani mambo yalikuwa yanakwenda kombo. Walioandika maisha yake wanasimulia masharti aliyowekewa: arudi nyumbani kabla ya jioni kuingia, asiruhusu mtu kwenye chumba chake cha kujipamba, apande gari lake tu. Fikiria staa anayelipwa vizuri kuliko karibu waigizaji wote wa kike wa wakati wake, anaangalia saa kama mwanafunzi wa bweni.

Huku nyuma kazi ilikuwa inapaa. Mwaka 1962 ilitoka Sahib Bibi Aur Ghulam, iliyotayarishwa na Guru Dutt. Meena aliigiza kama Chhoti Bahu, mke wa tajiri mhuni ambaye anaamua kunywa pombe na mume wake ili tu asitoke kwenda kwa wanawake wengine, na pombe inammaliza. Hadi leo wapo wanaoona hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, Pakeezah ikiwemo, na ni vigumu kubishana nao. Kwenye Filmfare za 1963, majina matatu yaliyopendekezwa kwa mwigizaji bora wa kike yote yalikuwa yake, kwa filamu tatu tofauti. Alikuwa anashindana na yeye mwenyewe. Chhoti Bahu ikashinda.

Miaka hiyohiyo ndipo pombe ilipoingia kwenye maisha yake halisi. Inaelezwa kwamba alikuwa na tatizo la kukosa usingizi, na daktari akamshauri brandi kidogo kama dawa. Kidogo ikawa nyingi.

Machi 1964 akaondoka kwa Amrohi, akaenda kukaa kwa mdogo wake, Mahliqa, aliyekuwa ameolewa na mchekeshaji Mehmood. Hakurudi tena kuishi na mume wake.

Pakeezah ikasimama hapohapo. Kulikuwa na majengo ya kuigizia yaliyogharimu hela nyingi, nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, na picha za aina mbili. Filamu ilianza kwa picha nyeusi na nyeupe, kisha rangi ikaingia sokoni wakaanza upya kwa rangi, kisha Amrohi akataka na skrini pana ya CinemaScope. Kila teknolojia mpya ilimaanisha kurudia. Hata mwigizaji wa Salim alibadilika. Mwanzoni alikuwa awe Ashok Kumar, lakini miaka ilivyokwenda akawa mtu mzima, akapewa nafasi ya Shahabuddin, baba wa binti. Salim akawa Raaj Kumar.

Wengine hawakusubiri mwisho. Mpiga picha mkuu Josef Wirsching, Mjerumani aliyefanya kazi India tangu enzi za studio ya Bombay Talkies, alifariki mwaka 1967. Mtunzi wa muziki Ghulam Mohammed alifariki mwaka 1968, bila kuona wimbo wake hata mmoja ukioneshwa ukumbini. Naushad ndiye aliyemalizia muziki uliobaki.

Meena mwenyewe alizidi kuigiza na alizidi kuumwa. Alichukua Filmfare ya nne kwa Kaajal, iliyotoka 1965. Mwaka 1966 alicheza Phool Aur Patthar na kijana aitwaye Dharmendra, na filamu hiyo ikamfanya kijana yule kuwa staa. Mwaka 1968 akalazimika kwenda kutibiwa London. Ini lilikuwa limesinyaa, ugonjwa unaoitwa sirosisi. Alirudi Bombay akiwa na nafuu, ila madaktari walishamweleza hali ilivyo.

Kurudi

Waliovunja ukimya walikuwa wanandoa wengine wa sinema, Sunil Dutt na Nargis. Waliangalia vipande vya Pakeezah vilivyokuwa vimewekwa stoo na wakaona ni dhambi kuviacha vioze. Wakazungumza na Meena, wakazungumza na Amrohi. Machi 1969 kamera zikawashwa tena, miaka mitano baada ya kuzimwa. Inasimuliwa kwamba malipo aliyotaka Meena ni sarafu moja tu ya dhahabu.

Kwa nini alikubali? Hela hakuwa anaitafuta, na Amrohi alikuwa hamdai kitu. Ila Sahibjaan alikuwa naye tangu akiwa na miaka 23. Alihusika hadi kwenye kubuni mavazi ya filamu hiyo. Nyimbo zilizokwishaimbwa na Lata Mangeshkar zilikuwa zinasubiri uso wake, na uso huo ulikuwa hauna muda mrefu. Mtu anayeijua kazi yake anaweza kusamehe mengi ili kazi isipotee.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mateso. Tumbo lilikuwa linavimba, akawa anavalishwa nguo pana za kulificha. Hakuweza kucheza kwa muda mrefu. Kwenye dansi ya mwisho, pale Sahibjaan anapoalikwa kutumbuiza kwenye harusi ya mwanaume anayempenda na anacheza juu ya vioo vilivyovunjika hadi miguu inatoka damu, sehemu kubwa ya mwili unaouona ni wa mchezaji kijana, Padma Khanna, akiwa amefunikwa uso kwa shela. Meena alifanya sehemu za karibu, za uso.

Na hapo ndipo ilipo ajabu ya filamu hii. Ukiiangalia kwa utulivu utamwona Meena Kumari wawili. Kuna yule wa mwanzo, uso umejaa, anazungusha mkono na mwili unatii. Kuna wa pili, macho mazito, anajishikilia kwenye nguzo na kwenye mito, anatembea kama anayehesabu hatua. Wakati mwingine wanapishana ndani ya dakika chache. Mhariri alijitahidi kuficha, lakini miaka 15 haifichiki yote. Kwa filamu nyingine hiyo ingekuwa kasoro. Kwa hii, ambayo inahusu mwanamke anayechoshwa taratibu na maisha aliyopangiwa na wengine, imeingia kama sehemu ya hadithi.

Amrohi alishauriwa abadilishe zile nyimbo. Miaka ilikuwa imeenda, vijana walikuwa wanataka magitaa na midundo ya Kizungu, na mtunzi ameshafariki. Alikataa. Katika yote yanayoweza kusemwa juu ya mtu yule kama mume, na si mazuri, kwenye hilo alikuwa sahihi.

Wiki nane

Ukumbi wa Maratha Mandir ndio uleule ambao baadaye ungeonesha Dilwale Dulhania Le Jayenge ya Shah Rukh Khan kwa zaidi ya miaka 20 mfululizo. Pakeezah haikuanza kwa kishindo namna hiyo. Wiki za kwanza mapokezi yalikuwa ya kawaida. Baadhi ya wachambuzi waliona imepitwa na wakati.

Mwishoni mwa Machi hali ya Meena ikabadilika ghafla, akalazwa kwenye hospitali ya St Elizabeth's. Alipoteza fahamu na hakuamka. Mtu aliyeigiza kwenye filamu zaidi ya 90 na kulisha watu tangu utotoni, hakuacha hela ya maana.

Habari za kifo chake zilipoenea, foleni zikaanza. Watu walirudi kuiangalia Pakeezah mara ya pili na ya tatu, na ikaishia kuwa moja ya filamu zilizoingiza hela nyingi zaidi mwaka huo. Wapo wanaosema mauzo hayo yaliletwa na msiba tu. Msiba uliwarudisha ukumbini, hilo halina ubishi. Lakini msiba hauwezi kueleza kwa nini watu bado wanaitafuta filamu hiyo YouTube zaidi ya miaka 50 baadaye.

Kwa pwani ya Afrika Mashariki habari hizi haziko mbali. Sinema za Kihindi zilijaza kumbi za Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam kwa miongo mingi, na watu waliondoka wakiimba bila kujua maana ya neno hata moja. Juma Bhalo wa Mombasa alijulikana kwa taarabu zilizopanda juu ya melodi za filamu za Kihindi. Bibi yako akisikia kinanda cha Pakeezah kwenye simu yako, usishangae akianza kuimba.

Kwenye tuzo za Filmfare zilizofuata, Meena alipendekezwa kwa mwigizaji bora, tuzo ikaenda kwa Hema Malini. Muziki bora nao ukapewa Be-Imaan. Hapo mwigizaji Pran, ambaye alikuwa ameshinda tuzo yake mwenyewe kwa filamu hiyohiyo ya Be-Imaan, akaikataa. Alisema aliyestahili ya muziki ni marehemu Ghulam Mohammed wa Pakeezah. Si kila siku mtu anarudisha tuzo yake kwa ajili ya mtu aliyekwishakufa, tena dhidi ya filamu aliyoigiza yeye.

Daftari za mashairi za Meena, aliyekuwa akiandika kwa jina la Naaz, aliachiwa mshairi na mwongozaji Gulzar. Mwaka mmoja kabla Meena alikuwa ameigiza kwenye Mere Apne, filamu ya kwanza kabisa ya Gulzar kuongoza, na alikuwa ametoa santuri akiyasoma mashairi yake kwa sauti yake, muziki ukiwa wa Khayyam. Gulzar alichagua baadhi ya mashairi hayo akayatoa kama kitabu.

Amrohi aliongoza filamu moja tu baada ya hapo, Razia Sultan ya mwaka 1983, nayo ilianguka. Alifariki Februari 1993. Alizikwa kwenye makaburi ya Rahmatabad jijini Bombay, kando ya kaburi la Meena.